Barabara Ilitangulia Lango

Anwani ya kiwanda cha Ferrari mjini Maranello, kaskazini mwa Italia, ni Via Abetone Inferiore, namba 4. Mgeni anayeiona kwenye barua ya mwaliko huipita kama anavyoipita anwani nyingine yoyote, lakini maneno hayo matatu yamebeba nusu ya historia ya kiwanda chenyewe. Abetone ni kipito cha milima ya Apenini, mita 1,388 juu ya usawa wa bahari, na barabara hiyo imepewa jina la mahali inakoelekea. Ukiifuata kwenda kusini inaanza kupanda, inajipinda, inapita Pavullo na vijiji vya milimani, mpaka kileleni. Huko juu zimesimama piramidi mbili za mawe, zilizowekwa karne ya 18 kuonyesha mpaka wa dola ya Modena na dola ya Toscana, enzi watawala wa pande hizo mbili walipoagiza mlima uchongwe ili nchi zao zifikiane. Enzo Ferrari alipohamisha karakana yake kutoka Modena hadi Maranello mwaka 1943, njia hiyo ya mlimani ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 150.

Naanza na anwani hiyo kwa sababu watu wengi wanaopanga safari ya gari la michezo pamoja na ziara ya kiwandani huipanga kinyumenyume. Kwanza wanatafuta nafasi ya kuingia kiwandani, kisha wanakata tiketi ya ndege, kisha wanakodi gari, na mwisho kabisa, siku zikibaki, wanaangalia ramani. Kwao kiwanda ndicho nyama na barabara ni mchuzi. Historia ya magari haya inasema vingine. Tangu mwanzo barabara ndiyo iliyokuwa ikikifundisha kiwanda: ilivunja kilichoundwa, ikamrudisha fundi mezani, ikamlazimisha achore upya. Anayefika langoni bila kupita njia iliyolizaa gari ataona roboti, rangi na sakafu safi, lakini hataelewa kwa nini kifaa fulani kimewekwa pale na si pengine. Ndiyo maana nashikilia kwamba barabara ichaguliwe kwanza, na siku ya kiwanda ipangwe kuizunguka.

Ushahidi wa kwanza ni wa zamani kuliko magari ya michezo yenyewe. Mwezi Agosti 1888, Bertha Benz alilitoa gari la magurudumu matatu la mumewe, Karl, kwenye karakana yao mjini Mannheim, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akaondoka bila kumuaga mwenye gari. Alikuwa akienda Pforzheim kwa mama yake, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Kabla ya siku ile gari hilo lilikuwa limeendeshwa kwa majaribio mafupi tu, karibu na nyumbani. Njiani mafuta yalipungua, naye akanunua ligroini kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, mahali ilipouzwa kama dawa ya kusafishia nguo. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Breki zilikuwa vipande vya mbao, na mteremko ulipozila akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Kwenye miinuko vijana walishuka wakasukuma, na kule kusukuma ndiko kulikozaa matunda makubwa zaidi, maana Karl Benz baadaye aliongeza gia ya kupandia mlima. Fundi aliyekuwa na akili ya kuunda injini hakuwa ameiona haja ya gia hiyo mpaka mkewe na watoto walipochoka mlimani. Leo njia hiyo imewekewa vibao rasmi, na dereva yeyote anaweza kuifuata.

Miaka 12 baadaye somo lilikuwa la damu. Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akiishi Nice, kusini mwa Ufaransa, alikuwa mteja mkubwa wa kampuni ya Daimler ya Cannstatt, karibu na Stuttgart. Alikuwa mteja wa aina yake: mwaka 1897 alifunga safari hadi kiwandani kuagiza gari lake la kwanza, na tangu hapo hakuacha kuwasumbua mafundi kwa barua na matakwa. Magari ya Daimler ya wakati huo yalikuwa marefu kwenda juu, mafupi na mazito, yaani bado yalikuwa na umbo la gari la farasi. Tarehe 30 Machi 1900 dereva wa kampuni, Wilhelm Bauer, aligonga mwamba kwenye kona ya kwanza ya mashindano ya kupanda mlima kutoka Nice kwenda La Turbie, akafariki. Wapo waliotaka kampuni iache mashindano kabisa. Jellinek alidai jambo jingine: gari lirefushwe, lipanuliwe, na uzito wake ushushwe karibu na ardhi. Aliagiza magari 36 kwa mpigo, akataka yaitwe kwa jina la binti yake, Mercedes. Wilhelm Maybach alilichora gari hilo lenye nguvu ya farasi 35, na mwezi Machi 1901 likatawala wiki ya mashindano ya Nice. Kila gari la michezo unaloliona leo limeinama chini, limetanua magurudumu, injini imelala chini. Umbo hilo tunaliona kama urembo. Asili yake ni kona moja ya mlima nje ya Nice, na mtu aliyekufa hapo.

Nikirudi Maranello, nitakaa hapo kidogo, kwa kuwa ndipo hoja hii inapoonekana wazi zaidi. Kiwanda kilihamia huko kwa sababu za vita, si kwa ajili ya milima. Serikali ilitaka viwanda viondoke mijini, na hata hivyo mabomu yalikifuata mwaka 1944. Lakini vita vilipokwisha, gari la kwanza kubeba jina la Ferrari, 125 S, lilijaribiwa pale pale nje ya mlango. Tarehe 12 Machi 1947 Enzo Ferrari mwenyewe aliliwasha likiwa chasisi tupu, bila bodi, injini ya silinda 12 yenye ujazo wa lita moja na nusu ikiwa wazi mbele yake, akatoka nalo langoni akaingia barabara ya kawaida, yenye baiskeli na mikokoteni ya wakulima. Kiwanda hakikuwa na uwanja wake wa majaribio, na kilikaa hivyo kwa robo karne nzima, mpaka uwanja wa Fiorano ulipofunguliwa mwaka 1972. Katika miaka hiyo 25 majaribio yalikuwa barabarani: tambarare kuelekea Modena kwa ajili ya kasi, na mlima wa Abetone kwa ajili ya breki, klachi na joto la injini. Mlima hauna huruma na breki. Ukiteremka kilomita nyingi za kona zinazofuatana, diski hupata moto, pedali inakuwa laini chini ya mguu, na harufu inaingia ndani. Fundi aliyeisikia harufu hiyo asubuhi hakuhitaji kusomewa ripoti mchana.

Nchi nzima ya Italia ilikuwa darasa la namna hiyo kupitia Mille Miglia, mashindano ya kilomita takriban 1,600 kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, yaliyoanza mwaka 1927 kwenye barabara za umma. Anayepanga safari leo ana la kujifunza hasa kutoka mbio za mwaka 1955. Stirling Moss alishinda kwa Mercedes 300 SLR namba 722, akitumia saa 10, dakika 7 na sekunde 48, wastani wa kilomita 157 kwa saa na ushei. Wengi hukumbuka mwendo huo. Mimi nakumbuka zaidi karatasi ya mwenzake, Denis Jenkinson, mwandishi wa habari za magari. Kabla ya siku ya mashindano waliizunguka njia yote mara kadhaa, Jenkinson akiandika kila kona ya hatari, kila mwinuko unaoficha kinachokuja, kila reli inayokata njia. Maandishi yale yalikuwa marefu zaidi ya mita tano, akayazungusha kwenye vijiti viwili ndani ya kisanduku chenye dirisha, awe anayaviringisha kadiri gari linavyosonga na kumwashiria dereva kwa mkono. Ushindi mkubwa kuliko wote wa barabarani ulitokana na mpango wa safari ulioandikwa kwa subira, na walioupanga waliianza kazi kwa kuisoma njia.

Hapa pana pingamizi zito ambalo silifichi. Barabara hizo ziliua. Mwezi Mei 1957, karibu na Guidizzolo, tairi la Ferrari ya Alfonso de Portago lilipasuka gari likiwa katika kasi kubwa. Yeye na mwenzake Edmund Nelson walikufa pamoja na watazamaji tisa, watano wao wakiwa watoto. Mille Miglia ya mwendo kasi ikaishia hapo. Enzo Ferrari alishtakiwa, na mahakama ikamwondolea hatia mwaka 1961. Je, si vibaya kumwambia mtu aifuate njia yenye makaburi? Ningekubali pingamizi hili kama ningekuwa nadai kasi. Lakini njia husomeka vizuri zaidi kwa mwendo mdogo. Kona ya La Turbie inaeleza kwa nini gari lilishushwa chini hata ukiipita kwa kilomita 40 kwa saa, na mteremko wa Abetone hupasha breki joto hata kwa dereva mwenye adabu. Tangu 1977 Mille Miglia yenyewe imerudi kama mashindano ya kutunza muda kwa magari ya enzi ile, ambamo anayewahi kupita kiasi hukatwa alama. Watoto wa Guidizzolo wanatudai tusikimbie. Hawatudai tusahau njia.

Wengine watasema kwamba yote haya yamepitwa na wakati. Siku hizi gari hupimwa ndani ya kompyuta na kwenye mahandaki ya upepo, na viwanda vingi vina viwanja vya majaribio. Ni kweli, lakini tuviangalie viwanja hivyo. Nürburgring, iliyofunguliwa Ujerumani mwaka 1927, ilijengwa kwa makusudi iwe kama njia ya mlimani, ikipanda na kushuka msituni katika milima ya Eifel. Mzunguko wake wa kaskazini, kilomita 20.8, ndiko hadi leo watengenezaji hupeleka magari mapya kuyatesa. Siku ambazo haukodiwi, hufunguliwa kama barabara ya kulipia, na mtu wa kawaida anaingia na gari lake. Ukitaka kujua barabara inavyothaminiwa na mafundi, angalia gharama waliyoingia kuiiga. Wala hawakuiacha ile ya kweli: magari ya majaribio ya Ferrari, yakiwa yamefunikwa madoa ya kuficha umbo, bado hutoka langoni na kuelekea vilimani.

Porsche inaongeza sura nyingine. Magari ya kwanza ya 356, karibu 50, yaliundwa kuanzia mwaka 1948 katika kiwanda cha zamani cha mbao mjini Gmünd, Austria, mahali ambapo ukitoka nje tu umekutana na mlima. Kampuni iliporudi Zuffenhausen, Stuttgart, mwaka 1950, mteja alikuja mwenyewe kulichukua gari lake kiwandani. Mmoja wa mwanzo kabisa alikuwa Ottomar Domnick, daktari wa magonjwa ya akili wa mji huohuo. Kwa hiyo desturi ya kulipokea gari kiwandani na kurudi nalo nyumbani kwa barabara haikubuniwa na idara ya matangazo ya siku hizi, ingawa matangazo yameinenepesha: kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2009, na mkahawa, na duka la kofia. Mgeni anayeingia kwenye mstari wa kuunganishia magari huko Ujerumani asikose kuomba aonyeshwe kile wafanyakazi wanachokiita harusi. Bodi iliyokwisha pakwa rangi inateremshwa taratibu kutoka juu. Injini, gia na springi zinainuliwa kutoka chini. Vinakutana, bolti zinakazwa, na kuanzia dakika hiyo kilichokuwa vipande viwili kinaitwa gari. Aliyetoka kulala usiku mmoja upande wa pili wa Alpi, baada ya kutwa nzima ya kona, huitazama bolti ya springi kwa jicho tofauti. Anajua kilichotaka kuing'oa.

Upande wa pili wa Modena kuna kiwanda kinachothibitisha hoja kwa kinyume chake. Ferruccio Lamborghini, mtengenezaji wa matrekta, alijenga kiwanda chake cha magari Sant'Agata Bolognese mwaka 1963, na kisa cha ugomvi wake na Enzo Ferrari juu ya klachi kimesimuliwa kwa namna nyingi mno kiasi kwamba sitakiegemea. La uhakika ni ardhi. Sant'Agata iko katikati ya tambarare, hakuna kilima karibu, na mwaka uliofuata ilikamilika barabara kuu ya Autostrada del Sole kutoka Milano hadi Napoli, iliyopita karibu hapo. Bob Wallace, fundi na dereva wa majaribio kutoka New Zealand, aliyapima magari kwenye barabara hiyo wakati haikuwa na ukomo wa kasi wala msongamano. Miura ya mwaka 1966, yenye silinda 12 zilizowekwa kwa upana nyuma ya kiti cha dereva, ni mtoto wa njia iliyonyooka. Sisemi kwamba ardhi peke yake ililichora gari. Walikuwepo vijana hodari mezani. Nasema kwamba kati ya viwanda hivi viwili hazifiki kilomita 50, na anayevitembelea kwa basi siku moja ataona majumba mawili ya makumbusho yanayofanana, ilhali anayeviendea kwa njia zake mbili ataona mlima na uwanda.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kwenda Italia kuupata ushahidi. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa mtihani ambao viwanda vya Ulaya na Japani viliuogopa. Datsun 240Z, gari la michezo la kampuni ya Nissan lililoundwa hasa kwa soko la Marekani na lami yake laini, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Porsche walikuja mwaka 1978 na magari ya 911 yaliyonyanyuliwa juu ili yavuke matope na mawe, wakaambulia nafasi ya pili kwa Vic Preston mdogo. Gari lililoshinda mwaka 1971 lipo leo Zama, Japani, kwenye eneo la kiwanda cha zamani cha Nissan, ndani ya hazina ya magari ya kampuni, na mafundi wa kampuni wamelifufua likatembea tena. Kiwanda kimeona fahari kulitunza gari lililofundishwa na vumbi la kwetu.

Kuhusu fedha, ni kweli kwamba gari jipya la Ferrari ni la wachache, na ndani ya kiwanda chao huingia wenye magari na walioalikwa. Mwenye tiketi ya makumbusho hupitishwa uani kwa basi bila kushuka. Lakini barabara ya Abetone haina mlango. Gari dogo la kukodi linaipanda. Na vipo viwanda vinavyowapokea watu wa kawaida kwa tiketi, kama Morgan huko Malvern Link, Uingereza, chini ya vilima vya Malvern. Fremu za bodi zake bado huchongwa kwa mbao za mti wa ash, na kwa miaka mingi magari yalisukumwa kwa mkono kutoka banda hadi banda. Ukiniuliza mwenye kipato cha kawaida aanzie wapi, nitamwelekeza huko kabla ya Maranello.

Kwa anayekwenda Italia, kalenda ndiyo adui wa kwanza. Mwezi Agosti viwanda vingi vya Italia hufungwa kwa likizo, na vipito vya juu vya Alpi kama Stelvio, mita 2,757, hufunikwa na theluji tangu vuli hadi karibu na Juni; basi mwisho wa Juni au Septemba ndio wakati wa kuviwahi vyote viwili. Kipito cha Brenner, kilicho chini zaidi, hupitika mwaka mzima. Kutoka hapo barabara ya zamani ya taifa namba 12 inashuka Bolzano, Trento na Verona, inakatiza Modena, inapanda Abetone na kuishia Pisa. Wengi watakaotoka Stuttgart wataifuata kutoka kaskazini na kufika Maranello kwenye tambarare, wakiwa bado hawajaonja mlima. Ningeshauri wapitilize kwa barabara kuu hadi Lucca, walale hapo, kisha warudi kaskazini alfajiri kupitia kipito, wapumzike kwenye zile piramidi mbili, na kuteremka taratibu kupitia Pavullo. Miadi ya kiwandani iwekwe alasiri. Watafika kwenye lango la namba 4 kutoka upande wa mlimani, breki zikiwa bado na joto, kama zilivyokuwa kwa wapima magari walioteremka njia hiyohiyo kabla Fiorano haijakuwepo.